Mabingobingo ya Mama

Mama yangu ni mtu wa mlimani. Amestaafu ualimu, anaishi Ukonga, huku pwani, mwaka wa ngapi huu sijui, lakini akishika jembe bado yuko kwao Kilimanjaro. Kule, anasema, ukimwaga mbolea leo, jioni mvua inaiteremsha. Nyuma ya nyumba ana kipande cha mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe yanayofanana na miwa, na alikuwa na ng'ombe mmoja tu, mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza, karibu kuzaa. Jinsi alivyompenda yule mnyama! Mie nilikuwaga namtania kwamba siku ya kuzaa tutafunga turubai na kukodi viti.

Kiangazi kikakaza. Mabingobingo yakasinyaa, yakawa ya njano, na wauza majani wa bondeni wakatoweka. Mama akarudi kutoka dukani na mfuko wa mbolea ya urea, akaitawanya kwenye mchanga mkavu viganja kwa viganja, kama anayelisha kuku.

"Mama, ardhi haina hata unyevu," nikamwambia.

"Wee mtoto, umelima lini?"

Mama akishakuuliza swali la darasani, umekwisha.

Yakapita manyunyu, halafu mawingu yakatanda tu bila mvua. Majani yakainuka. Loo, yaliinuka! Lakini rangi ile haikunipendeza: kijani kilichokolea mno, karibu na weusi, wakati majirani wote wamebaki na vijiti. Kila nikipita pale kwenda kuanika nguo nilijikuta naharakisha. Mwili tu ulikataa.

Nikampigia bwana mifugo. Akauliza mbolea imewekwa lini, mvua imenyesha kiasi gani. Akasema majani hayo yasiguswe kwanza. Mbolea bado imejaa kwenye mabua, na ikiingia kwenye damu, mnyama anakosa pumzi huku anahema. Yaacheni yakomae, mpeni nyasi kavu.

Nilimfikishia Mama maneno yote.

"Nyasi kavu, na mtoto tumboni?" akasema. "Huyo bwana amewahi kushinda na njaa?"

Mtamba alikuwa analia tangu alfajiri, na kweli, kilio kile kilikuwa kinakata maini. Nikambembeleza Mama asubiri angalau nilete pumba. Akasema haya, nenda. Nikamwamini, nikaenda.

Niliporudi, mundu ulikuwa umelowa maji ya majani na hori lilikuwa tupu. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo, anatabasamu.

"Kala yote. Mtazame alivyoshiba."

Nikamtazama. Mtamba alikuwa anahema mdomo wazi, miguu ya nyuma inatetemeka. Nikamfunua mdomo. Fizi hazikuwa nyekundu tena, zilikuwa na rangi ya kahawa. Nikampigia tena bwana mifugo. Akasema anakuja na sindano, tusimlazimishe kusimama. Kabla sijakata simu mtamba alishapiga magoti, akalala ubavu.

Jirani yetu, mzee mmoja wa Lindi, alisikia kelele akaja mbio. Alimwangalia mtamba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu hafiki, mwanangu. Poleni." Nilimchukia kwa kusema kile nilichokuwa nakijua. Mama hakugeuka. Alikuwa anampepea mtamba kwa kanga yake, anamwita kwa Kichaga, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mwenye homa.

Pumzi ikakatika kabla pikipiki ya bwana mifugo haijasikika. Mama akabaki amelaza kiganja ubavuni. Ghafla akaniangalia, uso umechangamka.

"Anacheza," akasema. "Mtoto anacheza! Shika hapa."

Nikashika. Kweli, kitu kilisukuma kiganja changu kutoka ndani, kwa nguvu. Mzee akageuza uso. Mama akaendelea kumwambia ndama atulie, daktari yuko njiani, na mie nikaacha mkono wangu palepale, kando ya wake, hata baada ya kutosikia kitu tena.