Gitaa Lililokimbia Matangani

Nilianza kukimbia kwa sababu ya presha. Daktari alinishauri nitembee, lakini kutembea peke yangu kulinichosha kuliko kukimbia, maana nikitembea nafikiria duka. Basi kila asubuhi nikishaswali Alfajiri nilivaa suruali pana, gauni la dira juu yake, mtandio nikaufunga barabara, halafu raba. Mume wangu alinitazama siku ya kwanza akasema, "Watu wa Homa Bay watadhani umeiba." Kisha akanipa spika zake za masikioni ili nisisikie watakayosema.

Sisi ni watu wa Mombasa. Tunauza vitambaa hapa Homa Bay mjini, na barazani mwa duka letu pana fundi cherehani, mwanamke wa rika langu aliyezaliwa kijiji kimoja karibu na Sori, upande wa Migori. Wateja hununua kwangu, kisha husogea hatua chache wakapimwa kwake. Yeye ndiye aliyenitilia benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo, kwenye simu, aliposikia kwamba nilikuwa nakimbia na taarabu.

"Taarabu ni ya kukalia kiti," alisema. "Utalala njiani, nyaminwa." Nyaminwa ni dada yetu kwa Kijaluo, na ndivyo alivyoniita tangu mwaka wetu wa kwanza hapa.

Alisema kweli. Ulikuwapo wimbo mmoja hasa ulionipandisha barabara ya kwenda Rodi Kopany kama niliyesukumwa mgongoni. Mwanzo wake mtu anaimba polepole, maneno mengi, gitaa linamfuata kwa heshima. Halafu maneno yanakatika ghafla na magitaa yanabaki yenyewe, yanafukuzana. Kwenye maneno nilikimbia taratibu. Magitaa yakianza, miguu ilijiendea yenyewe, na nilijikuta natabasamu peke yangu barabarani.

Baada ya muda fundi naye akaanza kuja. Tuligawana spika, moja sikio langu, moja lake, waya katikati, kwa hiyo ilibidi twende sambamba. Akichelewa, waya unanivuta. Asubuhi moja, wimbo ule ulipoanza, nikamuuliza swali ambalo nashangaa sikuliuliza mapema.

"Huyu bwana anasema nini?"

Alikimbia kidogo kabla ya kujibu. "Analia. Ndugu yake alikufa kwa maji. Anauliza mtumbwi, wewe ulirudi na nani, mbona umerudi peke yako."

Nilisimama, waya ukachomoka. Muda wote huo nilikuwa nimefurahia msiba wa mtu!

"Na gitaa je?" nikamuuliza. "Kama analia, mbona gitaa linacheka?"

"Haicheki," alisema. "Inakimbia."

Jibu hilo halikunitosha. Kwetu msiba una utulivu wake. Watu huketi, husoma, hunong'ona. Nilitaka kujua kwa nini mtu aliyefiwa apige gitaa la kufukuzana hivyo. Nikawa nawauliza wateja. Mwalimu mmoja wa kwaya akaniambia ni biashara tu, watu hawanunui wimbo usiochezeka. Mwanamke mwingine, muuza omena, dagaa wa hapa ziwani, akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Sasa unataka alie akiwa amekaa?" Nilimpimia kitambaa chake, lakini swali lilibaki pale pale.

Kisha fundi akafiwa na baba yake. Tulifunga duka, na mimi na mume wangu tukaenda kijijini kwao, tukipitia Rongo na Migori mjini. Nilimkuta amekaa mkekani na shangazi zake, macho makavu. Alinishika mkono. Alinieleza habari za usafiri, chakula, mahema, mambo ya mtu anayepanga kazi. Hakulia. Nilikaa karibu naye.

Alasiri nikasikia kengele za ng'ombe. Nyuma ya kengele, ngoma. Nyuma ya ngoma, sauti za wanaume wengi. Vumbi likapanda nyuma ya ua wa mkonge.

"Wanaume wanarudi na ng'ombe," alisema fundi. Akavua viatu. "Kuja, tukawapokee."

Wanawake walikuwa wameshainuka, wamevunja matawi, wanakwenda mbio kwenye njia. Nilimtazama mume wangu. Akanipa ishara kwa kidevu: nenda. Nikashika pindo la dira nikakimbia.

Tulikutana nao karibu na kisima. Ng'ombe mbele, wamefungwa majani kwenye pembe, wanaume nyuma yao na fimbo, jasho linawatiririka, na wote wanaimba. Tukageuka tukakimbia nao kurudi nyumbani. Nilishangaa jinsi watu wanavyoweza kuimba na kukimbia kwa pamoja, maana mimi nikikimbia hata kusema ndiyo ni taabu. Nikatega sikio. Mmoja alitupa mstari mfupi, wenzake wakavuta pumzi. Wao wakajibu, yeye akavuta. Kila mtu alipata hewa kwa zamu yake. Na kwato zilipiga ardhi hata nikazisikia kwenye magoti.

Tulipofika uani, ng'ombe wakazungushwa kwenye kaburi. Nikamuuliza mjomba wake fundi, aliyekuwa ameinama akihema, walikuwa wanakimbiza nini.

"Kifo," alisema. "Kikishazoea boma, hakitoki. Lazima kifukuzwe."

Niligeuka kumtafuta rafiki yangu. Alikuwa amesimama na tawi lake mkononi, na sasa alikuwa analia kwa sauti, kifua kikipanda na kushuka, machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu. Shangazi zake hawakumnyamazisha. Nami sikumnyamazisha, nilimshika kiuno tu.

Aliporudi Homa Bay alikaa siku kadhaa bila kukimbia, kisha asubuhi moja nikamkuta mlangoni na raba zake. Nilipomnyooshea spika alitikisa kichwa. Akataka tuimbe kama wale wa kijijini kwao, na akanidai wimbo wa kwetu. Nikampa wa kumtoa bibi harusi ndani, wa mwendo wa maringo. Kwa mwendo ule tusingefika popote. Akaukata mistari, akauharakisha, nikawa namjibu nikihema.

Siku moja mama alipiga simu kutoka Mombasa tukiwa kwenye mwinuko, nikapokea bila kusimama. Fundi aliendelea kuimba.

"Huo si wimbo wa bibi harusi?" mama akauliza. "Mbona mnaufukuza?"

Fundi akacheka mpaka akakosa mstari, na mimi nikamwambia mama nitampigia tukifika juu.