Mtu wa Eldas Aliyetetemeka Ndani ya Kamera ya Amerika

Kuna wakati niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba pale Liboi, kwenye ukaguzi wa mpakani, watu hupigwa picha si kwa ajili ya vitambulisho bali kuwanasa watu-fisi. Unawajua? Wale wanaosemwa kwamba jioni hujisugua kijiti mwilini wakageuka fisi, na alfajiri hujisugua tena wakawa binadamu wa kuamkiana nao msikitini. Niliambiwa mtu wa aina hiyo hatulii katika picha, kwa sababu uso wake haujui uwe upi. Niliyasadiki hayo nikiwa mtu mzima, mwenye ndevu na cheti cha shule ya usiku. Usinicheke bado. Ninayokusimulia yalinitokea mimi, hapa Garissa, na natamani yangekuwa uongo, maana uongo ningeumudu.

Nilinunua kamera ya video. Si simu, kamera hasa, yenye kioo kidogo kinachofunguka ubavuni kama mlango wa kabati. Aliyeniuzia ni Sahra, binti wa mama mdogo, aliyerudi kutoka Amerika na masanduku ambayo hata ngamia wangeyalalamikia. "Ngoja nikueleze kwanza," alisema. "Hii ilitengenezewa kule. Sasa taa za huku..." Nani alikuwa na muda wa taa? Niliposikia kule, nilisikia bora. Kesho yake ubao wa kibanda changu ulisomeka: KAMERA YA AMERIKA, HARUSI NA SHUGHULI ZOTE. Nikawapiga picha ngamia sokoni mchana, wakatoka safi hadi unaweza kuhesabu kope zao. Nikapiga harusi uwanjani. Mji mzima ulinijua. Niamini, hata mbuzi walianza kusimama vizuri nikipita.

Sasa, jirani yangu Ayeeyo Habiba, bibi ambaye macho yake yameingia ukungu, alipoteza mtoto wa kiume zamani. Ulikuwa ukame, familia ikihama kuelekea Ijara, mtoto akabaki nyuma na mifugo ya watu wengine, asionekane tena. Basi siku moja akaja mtu mzima kutoka Eldas, mrefu, mkimya, akasema: mimi ni Abdi, mwanao. Ayeeyo akamshika mkono, akaupapasa kidole kwa kidole, akalia. Lakini Yusuf, mwanawe mkubwa anayemtunza, alitaka kwanza wazee wamsikilize mgeni akiwataja mababu zake mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi. Wakimkubali, amepata mama. Wakimkataa, basi.

"Jambo kama hili halipigwi na simu," nilimwambia Yusuf. Nikajialika.

Walikutana baada ya sala ya isha. Wazee waliketi barazani kwenye mwanga wa taa ya sola. Mgeni alikalishwa ndani, karibu na mlango, chini ya ile taa ndefu nyeupe ya stima. Akaanza: baba, babu, babu wa babu, bila kukwama popote. Nikafungua kioo changu.

Wallahi, mtu yule hakutulia. Nikiwaelekezea wazee, wametulia kama magunia ya mchele. Nikimgeukia yeye, uso unawaka, unafifia, unawaka. Mistari ya giza inampanda kutoka kifuani hadi kwenye paji la uso. Nikainua macho: mtu amekaa tuli. Nikarudi kiooni: anatetemeka kama moto wa kibiriti kwenye upepo. Wewe ungefanya nini? Na alipomaliza mababu, wazee wakinong'onezana, akatoa kijiti mfukoni akaanza kujisugua.

Meno. Alikuwa anasugua meno. Ulikuwa mswaki wa mti, kama huu ulio mfukoni mwangu ninapoandika. Lakini mimi niliona kijiti.

Nikamvuta Yusuf hadi pembeni, karibu na mkeka aliokalia Ayeeyo, nikairudisha picha nyuma, nikamwonyesha kioo. "Mtazame huyo unayetaka kumwita ndugu," nikamnong'oneza. "Fisi."

Yusuf alitazama, akawapelekea wazee kamera. Ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyepiga kelele; watu wetu hawamfukuzi mgeni kwa kelele. Chai ililetwa, yake ikawekwa mbali naye, na hakuna aliyekunywa.

"Walaal, njia njema," Yusuf akamwambia, akimwita ndugu kwa mdomo tu.

"Njia? Kwani nimemkosa babu gani?"

"Hujamkosa yeyote."

"Sasa?"

Ni Ayeeyo tu aliyepaza sauti. "Kwani nini? Mkono ni yake! Mimi najua mkono ya mtoto yangu!"

Mgeni akanigeukia mimi. "Wewe wa kamera. Umeona nini? Nionyeshe."

Nikakifunga kioo. Hilo ndilo linalonikalia kooni hadi leo: mtu aliomba tu kuona. Akachukua kifurushi chake akaingia gizani, nami nikamsindikiza kwa dua za kujikinga, kwa sauti kubwa ili azisikie.

Nikawa maarufu maradufu. Kila nilipoisimulia hadithi ile kwenye chai, mtu yule aliota kitu: leo mkia, kesho meno, keshokutwa kamera ilikuwa imeniunguza vidole.

Kisha dada yangu akanitaka nipige hina ya bintiye, nyumbani, sisi wenyewe tu, chini ya taa kama ile. Nikafungua kioo. Bibi harusi anatetemeka. Dada anatetemeka. Mama yangu mzazi, hajja aliyefika Makka, anawaka na kufifia mbele yangu huku akinikaripia kwamba namkata kichwa. Nikaielekeza kamera kwenye kioo cha kujitazamia cha kabati, nikajiona mwenyewe: mistari ya giza, kuanzia ndevuni kwenda juu. Nikakimbia hadi kwa Sahra nimevaa viatu visivyolingana.

"Stima ya kule ina mapigo yake na ya huku ina yake," Sahra alinieleza taratibu. "Kamera hiyo inafuata ya kule. Chini ya taa za stima za huku picha lazima ichezecheze. Juani ni sawa, taa ya sola ni sawa. Nilikuwa nakuambia, ukatoroka na sanduku."

"Kwa hiyo angekuwa mtu yeyote...?"

"Angekuwa hata sufuria, walaal."

Nilipomweleza hayo, Yusuf alikwenda Eldas mwenyewe. Aliambiwa Abdi alirudi, hakukaa, akaondoka na ngamia wa watu. Wapi, hakuna ajuaye. Tumetuma salamu kwa kila dereva wa lori la mifugo. Bado. Ubao nimeufuta, na kwenye chai siku hizi mimi ni msikilizaji.

Wewe unayesoma, siku kifaa chako kikikuonyesha ajabu juu ya mtu, mtoe juani umtazame tena. Muulize aliyekuuzia. Na mwenyewe akiomba kuona ulichokiona, mwonyeshe.

Nilikwenda kwa Ayeeyo kuomba radhi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya msomi, na mapigo ya stima yote ndani yake. Alikuwa anakanda unga wa mikate ya anjera, na hakuacha. Nikamalizia, "Kwa hiyo, ayeeyo, ni kamera ndiyo iliyosema uongo."

"Kamera haikusema kitu," akajibu. "Mimi nilikuwa hapo. Mwenye alisema 'fisi' ni wewe."