Kimeo cha Baba kwenye Picha

Baba alikuwa amekwisha kupanga siku ya kukatwa kimeo. Kwetu Akheri, kikohozi kisichopona, mtoto asiyenyonya, na hata mkoromo, vyote vilihesabiwa kuwa makosa ya kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na fundi wa kukikata alifuata watu majumbani na kisu chake. Mama hakusumbuliwa na mkoromo wa Baba wenyewe. Kilichomtisha ni pale ulipokatika ghafla, pumzi ikasimama, naye akabaki ameketi kitandani akingoja irudi. Mimi niliogopa kisu zaidi. Baba alikuwa mtu mzima sana, na damu ya kooni haifungwi bendeji.

Wakati huo hospitali binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena, na katika mojawapo pale mjini Arusha daktari wa koo alikuwa akichunguza njia ya hewa ya watu wanaokoroma. Aliwapiga eksirei ya kichwa na shingo kutoka ubavuni, kwanza wakiwa wamesimama, kisha wakiwa wamelala chali. Nilimsihi Baba aanzie huko. Alikubali kwa sharti kwamba, picha ikionyesha kimeo kirefu, nisimzuie tena.

Tulikwenda naye, Mama na mimi. Daktari alijaribu kwanza kutazama kwa tochi, lakini ulimi wa Baba ulijaa kinywani hata nyuma yake pasionekane kitu. Basi akapelekwa eksirei. Alipolazwa chali, mashine ikiwa bado inasogezwa, akasinzia na kuanza kukoroma.

"Baba watoto, usituaibishe!" Mama akaita kutoka mlangoni.

"Mwache, mama," daktari akasema. "Hivyo hivyo ndivyo ninavyomtaka."

Filamu zilipokauka zilibandikwa kwenye kisanduku cha taa. Daktari alifuata kwa kalamu mkanda mweusi wa hewa, kutoka puani kushuka kooni. Katika picha ya kusimama ulikuwa mpana; katika ile ya kulala, shina la ulimi lilikuwa limerudi nyuma na mkanda umebaki kama uzi. Uvimbe haukuwepo.

"Na kimeo?" Baba akauliza.

"Mzee wangu, kimeo huna. Kilikatwa zamani. Hiki hapa ni kisiki chake."

Baba akamgeukia Mama. "Nani kakikata?"

"Unaniuliza mimi? Nilikukuta hivyo hivyo. Ungemuuliza marehemu mama yako."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. "Basi fundi aambiwe amewahiwa."

Aliagizwa apunguze uzito, aache pombe yake ya mbege ya jioni, na alale kwa ubavu. La mbege alilikubali kwa shingo upande. Kwa ajili ya ubavu, Mama alishona gunzi la mahindi mgongoni mwa sweta lake la kulalia, ili akigeuka chali limchome. Nilipofika kuwajulia hali wiki iliyofuata, jua lilikuwa limekwisha kupanda na ng'ombe walikuwa wakilia kudai majani. Baba alinifungulia mlango, kidole mdomoni.

"Polepole," akanong'ona. "Mama yako bado amelala."