Diski ya Scholastique na Redio Yangu

Mume wangu Massoudi hana haraka hata nyumba ikiwaka moto. Miaka ile ya vita alitengeneza redio na kompyuta hapa Buyenzi, na kabla ya kutia mkono ndani ya mashine alishika kwanza nondo ya dirisha, eti atoe umeme wa mwilini. Mi nilikuwa namcheka. Siku ya Scholastique sikucheka.

Scholastique aliandikisha watoto waliopotezana na wazazi vitani. Bomu liliangukia ofisi yake, makaratasi yakaungua, kompyuta ikavunjika, ikasalia diski tu. Alituletea ameifunga kwenye kitenge. Ndani mlikuwa na majina ya watoto tisini na wanne, wazazi wao na vilima walikotoka. Kesho yake alfajiri magari yangewarudisha makwao. Wakubwa wangejieleza wenyewe. Wadogo, alituambia, ukiwauliza mama yao anaitwa nani, wanajibu, "Mama."

Massoudi akafungua kompyuta yetu, akapachika kadi ya kuongezea nafasi ya diski ya pili. Hajaunganisha diski, umeme ukakatika. Akazima swichi ya ralonji, ule waya mrefu wa kugawia umeme, akaendelea na kazi kwa mwanga wa mlangoni.

Sasa watu wa Bujumbura mnatujua. Umeme ukienda tunaacha redio imewashwa, itupigie kelele ukirudi. Nikapita pale, nikaona ralonji imezimwa na redio yangu imechomekwa humo humo. Nikaiwasha ralonji kwa kidole cha mguu, nikarudi kuchambua mchele.

Redio ikapayuka. Massoudi akarusha mkono nyuma. Plagi ya diski ilikuwa imeingia nusu, tena upande, na harufu ya kuungua ikatufikia sote.

Scholastique hakulia, alikaa tu sakafuni. Nilitamani anitukane.

"Ni mi, Baba Nura," nikasema. "Ni mi niliwasha."

"Leta bisibisi ndogo," akajibu.

Akageuza diski. Kibao cha chini kilikuwa na doa jeusi. Akamweleza Scholastique kwamba majina hayakai kwenye kibao, yako ndani, na kama ndani hakujaungua huenda tukayapata. Kisha akaitoa kompyuta yake ya pili, aliyoitunza miaka mitatu kama yai, akachomoa diski ya aina ile ile, akaing'oa kibao, akakifunga kwenye diski ya Scholastique. Kompyuta ile haikufanya kazi tena. Skrubu nne tu, lakini zilinimaliza.

Akachomoa ralonji ukutani, akanipa plagi mkononi.

"Shika. Usichomeke mpaka niseme."

Nikashika kwa mikono miwili. Alipomaliza akashika nondo, akatazama kila waya, akatazama tena. We mwanaume, nikawaza, utatuua. Ndipo akasema nichomeke.

Mashine ikakoroma. Kioo kikawaka, na Scholastique akasoma kwa sauti: Bukuru, miaka minne. Mama, Spéciose.

Hatukuwa na mashine ya kuchapa, na umeme ungeweza kukatika tena wakati wowote. Yeye akasoma, mi nikaandika, watoto wote tisini na wanne, kila mmoja na mama yake. Vidole vikaniuma, sikuomba kupumzika.

Mpaka leo, umeme ukirudi Buyenzi, nyumba yetu ndiyo ya mwisho kujua.