Hatua Nne za Fundi Viatu

Baba yangu alikuwa fundi viatu mchana, jioni mpiga gita wa bendi ya jazi. Kibandani kwake gita lilining'inia ukutani kati ya ngozi na mikanda, na mteja mwenye haraka aliambiwa asubiri, kuna kona moja ya wimbo haijanyooka. Viatu vyake mwenyewe alivipigilia vyuma kisiginoni. Ukimsikia barazani ungedhani ni farasi anayekuja.

Kwenye bendi alipiga ridhimu. Solo ilikuwa ya Mikogo, jina alilopewa kwa haki kabisa. Siku waliyorekodi, chumba kilikuwa na maikrofoni moja: mpiga solo alisimama karibu, wenzake nyuma. Katikati ya wimbo, solo ikikaribia kuanza, uzi wa gita la Mikogo ukakatika. Utepe ulikuwa wa mwisho, kurudia hakuna. Baba akapiga hatua nne mbele, akaidaka solo, akaipiga yote. Wimbo ukavuma, na sifa zote akazizoa Mikogo.

"Ulinyamazaje, Baba?" nilimuuliza siku moja, nimekasirika kuliko yeye.

"Wimbo ulipona, mwanangu. Hayo mengine mbwembwe."

Mimi sikuridhika. Nilitaka watu wajue akiwa bado hai.

Mwaka jana redio ikawaalika wazee wa bendi, nikamsindikiza. Mtangazaji akaupiga wimbo, kisha akamgeukia Mikogo. "Mzee wangu, hii solo uliipigaje?"

Mikogo akakohoa, akaangalia sakafu. Uzalendo ukanishinda.

"Samahani, kaka. Hebu rudisha kidogo, usikilize kabla solo haijaanza."

Akarudisha. Chini ya ngoma ikasikika: ko, ko, ko, ko.

"Nini hicho?"

"Baba," nikasema, "tembea."

Akanikata jicho, lakini akainuka. Miaka themanini na moja, na vyuma vyake vilevile kisiginoni. Akavuka chumba taratibu, nchi nzima ikisikiliza: ko, ko, ko, ko. Nilijisikia fahari.

Mikogo akavua kofia. "Ni yeye," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshika gita lililokatika uzi, nimetoa macho tu. Nisamehe, fundi."

Baba alikuwa keshafika kwenye maikrofoni. Sote tukasubiri aseme neno.

"Nipeni gita," akasema.