Sindano Iliyogandia Kioo cha Mkwe

Nianze na aibu yenyewe, maana mkiisikia kwa watu wa Bugomora mtaongezewa na ya uongo juu yake. Mimi, mtu mzima, mwenye gereji yangu Omurushaka, nilikwenda kumposea mwanangu mke nikaliacha gari la mkwe lina chombo kimeota kwenye kioo cha mbele kama pembe, na ukoo mzima wa binti umesimama unatazama. Hiyo ndiyo habari. Yaliyobaki ni namna nilivyofika hapo.

Shule mimi niliionja tu. Nilianza utingo, nikaosha malori, nikashika spana, na vita vya Uganda vilipokwisha nilikuwa nafungua injini na kuifunga bila kumuuliza mtu (sijivuni, na hata nikijivuna, nani aliyenisaidia?). Sasa ile miaka wakimbizi wa Rwanda walipoingia, barabara zetu za vumbi zikajaa magari ya misaada, malori makubwa yanakwenda mbio kama yanafukuzwa, na kila lori likipita changarawe zinaruka, na kila changarawe inatafuta kioo. Kioo kipya kupatikana kwake ilikuwa shida, kwa hiyo utaona gari zuri, mbele lina jeraha kama nyota, na dereva amepaka rangi ya kucha ya mke wake ili lisiendelee.

Dereva mmoja akaniambia, "Mzee, Mwanza wanaponya vioo." Nikamwambia amelewa. Lakini nilipanda meli Bukoba nikaenda kuangalia.

Duka lilikuwa la mama mmoja anaitwa Mama Salma, mnene, mpole, miwani imening'inia kifuani. Alinionyesha kioo kina jeraha, akabandika juu yake kidude chenye raba ya kunyonya na sindano, akatia gundi nyembamba kama maji, akazungusha skrubu taratibu. Jamani, nimeona mengi, nimeona daraja limelipuliwa, nimeona ng'ombe amezaa ndama wawili, lakini sikuwahi kuona vile. Ile nyota ilianza kufa ncha moja moja. Ncha hii ikapotea, na hii, na ile, mpaka kikabaki kioo kitupu na mimi natazama ukuta upande wa pili. Kisha akakipeleka juani, gundi ikakauka ikawa kioo chenyewe. Nilivua kofia. Mpaka leo sijui niliivua kwa nani.

"Basi chagua, mzee wangu," akasema. "Ziko aina mbili."

Ya kwanza ilikuwa ya chuma, sindano yake nyeusi tii, huoni ndani. Ya pili sindano yake ilikuwa angavu kama chupa, unaona gundi inavyoshuka tone kwa tone. Mama Salma akanisukumia ile nyeusi. Akasema gundi hii inakaushwa na jua, na kwenye nyeusi jua haliingii. Hii angavu ni ya mtu mwenye paa, na hata akiwa chini ya paa asiuamini mwanga.

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa kiburi. Mimi kabla ya gereji nilinunua kahawa vijijini, na mnunuzi wa kahawa gunia asiloliona ndani halichukui, maana watu wanatia mawe chini. "Mama," nikamwambia, "kitu nisichokiona ndani mimi sinunui. Nipe inayoonekana."

"Utanikumbuka," akasema, akanifungia ile angavu.

Sikumkumbuka mapema, kwa sababu gereji yangu ina paa la mabati na mti wa mwembe umelifunika, na kazi ilikubali. Nadunga kivulini, natoa sindano, nabandika karatasi laini ya nailoni, nasukuma gari juani. Madereva walikuja kutoka Kamuli kuangalia tu. Mwalimu mmoja alipapasa kioo kwa ulimi wake (kweli, kwa ulimi) akitafuta ufa. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Ndipo mwanangu Deus akapata mchumba, Adela, binti wa Mzee Bitakwate wa Bugomora. Mzee Bitakwate ana mibuni mpaka huoni mwisho, ana pikapu ya Toyota, na hana mchezo. Habari ilishatufikia kwamba anasitasita, anauliza, "Huyo kijana wa fundi wa mafuta machafu?" Deus halali, anakonda, mama yake analia jikoni. Na kwetu mnajua, baba wa kijana siku ya posa hana kazi ila kukaa. Anayesema ni mshenga. Mshenga wetu alikuwa Mzee Kalisti, na njiani alinionya mara nyingi, "Wewe leo ni mgeni tu. Kaa, tafuna kahawa, nyamaza."

Tukafika asubuhi, ukungu umelala juu ya migomba. Tukakaribishwa, kikapu cha kahawa za kutafuna kikazunguka, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, Kalisti akaanza maneno yake matamu. Mimi macho yangu yalikuwa nje. Ile pikapu imeegeshwa chini ya migomba, na kwenye kioo, upande wa dereva, nyota. Kubwa. Nzuri. Na sanduku langu lilikuwa ndani ya gari tulilopanda, maana nililibeba, nitadanganya nini.

Nikasimama katikati ya posa. Kalisti akanivuta koti, nikalitoa mkononi mwake.

"Bwana mkwe," nikasema, "waitu mheshimiwa, nimeona kioo chako kinaumwa. Niruhusu nikuonyeshe kazi ya huyo fundi wa mafuta machafu."

Mzee Bitakwate akatafuna kahawa yake mpaka ikaisha. "Haya," akasema. "Tuone."

Sasa kule chini ya migomba watu wasingeona vizuri, nami nilitaka waone. Nikaomba gari lisukumwe mpaka kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Deus akaniambia, "Baba, huku hakuna kivuli." Nikamwambia, "Na jua liko wapi? Kuna ukungu, fungua macho." Nikabandika chombo, nikatia gundi, nikazungusha. Ukoo wote ukasogea, wanawake wakatoka jikoni na visu vya ndizi mikononi, na nyota ikaanza kufa ncha moja moja. Nikasikia watu wanavuta pumzi pamoja. Bibi yake Adela, mzee sana, anatembea kwa fimbo, akasema, "Bojo, jamani, inakwenda wapi?"

Na hapo ukungu ukafunguka, jua likamwagika juu ya uwanja ule kama mtu ameondoa kifuniko cha sufuria.

Nikazungusha skrubu irudi. Haikurudi. Nikavuta. Haikutoka. Gundi ilikuwa imekauka ndani ya sindano, nami naiona vizuri kabisa inavyokauka, maana si nilitaka inayoonekana? Nikaweka mguu kwenye bampa nikavuta kwa mikono miwili, koti la posa limepanda mgongoni, shati limechomoka. Mjomba wa binti akauliza, "Hiyo ndiyo dawa, au ndiyo ugonjwa?" Wanawake wakacheka na visu vyao. Nikachukua koleo.

"Baba, acha," akasema Deus.

Nikabana. Ikasikika *ta!* ndogo, na ufa ukaanzia pembeni ya chombo ukatembea. Haukukimbia, ulitembea, polepole, mwembamba unang'aa, kama una safari zake, mpaka ukafika ukingo wa pili wa kioo. Hakuna aliyecheka tena. Niliuangalia ule ufa kwa hofu kama ninayokuwa nayo kanisani. Mzee Bitakwate akatazama kioo chake, akamtazama Deus, akaanza kuingia ndani. Nikajua binti tumemkosa. Deus akainamisha kichwa.

Yule bibi akagonga fimbo chini. "Rudi, mwanangu," akamwambia Bitakwate. Akasogea kwenye kioo, akapapasa kuzunguka kile chombo. "Nyota haipo. Mimi macho yangu hayaoni mbali, lakini kidole kinaona. Haipo. Huyu mzee ni mjinga wa kujionyesha, ila mkono wake unajua kitu. Na kijana nimemsikia akimkataza mara mbili. Kijana ana akili kuliko baba. Mpeni mke."

Mzee Bitakwate akageuka mlangoni. "Tutampa," akasema. "Lakini Kalisti, mwambie mwenzako, kwenye nyumba hii asiguse tena kitu cha chuma wala cha kioo."

Alimwambia Kalisti, wakati mimi niko palepale.

Kioo kipya nilikifuata Mwanza mwenyewe, nikakaa nacho melini kama mtoto mgonjwa, na dukani Mama Salma alinisukumia tena ile sindano nyeusi. Deus na Adela wana watoto sasa. Mimi nikienda Bugomora nakaa nilipoonyeshwa, nasalimiwa, natafuna kahawa. Mwaka juzi bawaba ya mlango wa sebule yao ilikuwa inalia, skrubu moja tu imelegea, na bisibisi ninayo mfukoni. Niliusikiliza ule mlango ukilia kutwa nzima, mikono nimeikalia.