Gunia la Dada Mtu

Mdogo wangu Ndalahwa alipigwa kiharusi mwaka 1993, akiwa na miaka thelathini na moja. Mguu ulirudi, mkono ukarudi, maneno yakagoma. Akitaka chumvi anasema "jembe", halafu anajikasirikia mwenyewe, maana akili yake ilikuwa timamu kabisa. Watu wa hapa Bariadi wakaanza kuniuliza mimi, "Ndalahwa hajambo?" naye kasimama papo hapo. Nawajibu, "Muulizeni mwenyewe, mna macho!"

Alikuwa mkaguzi wa pamba kwenye chama cha ushirika. Ugonjwa ukampokonya kazi. Kisha soko likawa huria, wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake, wanazoa pamba mbiombio bila kuangalia. Na sisi wakulima tukajifunza ujanja, tunainyunyizia maji kidogo ipate uzito. Nani hakufanya?

Msimu wa mwaka 1995, Joakim, mnunuzi kutoka Mwanza, alirudishiwa lori zima kiwandani kwa sababu ya unyevu. Akatangaza anatafuta mkaguzi. Nikajitwisha gunia langu la kuuza, nikamshika Ndalahwa mkono, tukaenda.

"Sasa mama, mtu asiyeongea atawaambiaje wakulima?" Joakim akaniuliza.

"Wewe unatafuta mkaguzi au mtangazaji wa redio? Mjaribu! Akishindwa naondoka naye, hutatuona tena."

Joakim akatazama huku na huku. Gunia la karibu lilikuwa langu.

"Haya, akague hilo."

Yesu na Maria! Nikamkonyeza mdogo wangu. Aliniona, nina hakika aliniona. Akazamisha mkono mpaka kwapani, akachomoa pamba ya katikati kabisa, akaja akanibandika shavuni. Shavu likalowa chapachapa mbele ya foleni nzima ya wakulima. Watu wakaangua kicheko, hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Aanze leo," Joakim akasema.

Niliona aibu, nikashikwa na hasira, na furaha ikanijaa mpaka nikalia hadharani kama mwehu. Ndalahwa akaketi kwenye kiti cha mkaguzi, akaniita kwa mkono. Nikadhani anataka kunishukuru. Akanionyesha gunia, akanionyesha jua, kisha akanionyesha mwisho wa foleni.

Nikaenda kuanika pamba yangu.